Buibui wa ukutani na shingo ya mtoto: kisa cha Isevya, Tabora

Mwishoni mwa Novemba, siku chache baada ya mvua za kwanza kunyesha Tabora, mtoto wa kike wa miaka 9 katika nyumba moja ya Isevya aliamka na mchirizi mwekundu shingoni, kuanzia chini ya sikio la kulia hadi karibu na bega. Jioni yake mchirizi ulikuwa umevimba na kutoa malengelenge madogo yaliyojaa maji. Bibi yake alitazama mara moja tu akasema, "Amekojolewa na buibui." Mama akainua macho, na kweli alikuwepo ukutani juu ya kitanda: buibui bapa, kijivu chenye mabaka ya kahawia, miguu imetandazwa kama ya kaa. Akapigwa ndala. Mtoto akapakwa dawa ya meno shingoni, na kwa wenye nyumba shauri likawa limekwisha.

Lilifufuka kwa sababu nyumba ya tatu kutoka hapo anaishi kijana fundi simu ambaye amejifunza mwenyewe, bila darasa, kutambua buibui. Mama alimpelekea mabaki yamefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Mwanangu, huyu ni buibui gani aliyemkojolea mdogo wako?"

Swali hilo ni moja mdomoni, lakini ndani yake kuna mawili: huyu buibui ni nani, na ni nani aliyemuunguza mtoto. Karibu kila kosa katika kisa hiki lilitokana na kuyajibu yote kwa pamoja.

Mabaki

Kwenye gazeti kulikuwa na tumbo lililopondeka kabisa, miguu mitano iliyobaki kwenye mwili, mitatu iliyokatika, na sehemu ya mbele, yaani kichwa na kifua vilivyoungana, ikiwa nzima isipokuwa ufa mmoja mgongoni. Wengi wangeyatupa. Ni kosa, kwa sababu kila kiungo cha buibui kina swali lake kinachoweza kulijibu. Macho ndiyo yanayotoa familia, yaani kundi kubwa la buibui wa ukoo mmoja, mara nyingi. Jina la spishi hukaa kwenye viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa: kwa jike ni bamba dogo gumu chini ya tumbo, kwa dume ni ncha za vipapasio vilivyo kando ya mdomo, ambazo huvimba kama ngumi ndogo. Hapa tumbo lilikuwa limekwenda na bamba lake. Vipapasio vilikuwepo, vyembamba hadi mwisho. Maana yake hakuwa dume mzima; ama ni jike, ama ni mchanga. Kwa hiyo, kabla hata ya kutazama jicho moja, ilikwisha kujulikana kwamba jina la spishi halitapatikana. Ni vizuri kulijua hilo mapema, maana muda mwingi wa wanaojifunza hupotea wakitafuta spishi ya buibui asiye na bamba.

Kama ni lazima buibui auawe ili atambuliwe, njia isiyoharibu ni glasi na karatasi ngumu. Mfunike ukutani, pitisha karatasi taratibu kati ya mdomo wa glasi na ukuta, kisha mhamishie kwenye chupa yenye kifuniko na umweke kwenye friza usiku mzima. Ndala inaua swali pamoja na buibui.

Vipimo navyo vina mtego wake. Mama alisema buibui alikuwa "mkubwa kama kiganja". Miguu ikinyooshwa juu ya karatasi ya grafu, upana wote ulifika milimita 55. Lakini vitabu vya buibui kwa kawaida hupima mwili bila miguu, toka mbele ya kichwa hadi mwisho wa tumbo, na mwili huu kwa makadirio ulikuwa milimita 14 hivi. Asiyeandika amepima kipi atajikuta anamfananisha buibui wake na mwingine aliyemzidi mara nne.

Macho sita

Kosa kubwa lilifanyika hapa, na lilifanywa na mtu anayejua. Fundi alipiga picha ya uso kwa simu, taa ya simu ikiwa imewashwa, akaikuza kwenye kioo. Akahesabu macho 6. Buibui wengi wana macho 8. Wenye 6 ni wachache, na miongoni mwao wamo Loxosceles, jenasi (kundi la spishi za karibu ndani ya familia) ambayo sumu ya baadhi ya spishi zake huozesha ngozi. Mtoto ana kidonda, buibui ana macho sita: mambo mawili yakakutana vizuri mno. Akampigia mama simu, "Mama, huyu anaweza kuwa wa hatari." Usiku ule nyumba nzima ilipuliziwa dawa ya wadudu, magodoro yakatolewa nje yakanyeshewa.

Alikosea wapi? Kwanza, kuhesabu bila kuangalia mpangilio. Macho ya Loxosceles yamekaa jozi jozi: jozi moja mbele katikati, na jozi moja kila upande, zikiwa zimeachana. Picha ile ilionyesha macho sita yaliyojipanga mstari mmoja. Hilo peke yake lilitosha kumsimamisha. Pili, picha ya uso ilipigwa kwa mbele tu, na kwa buibui bapa macho ya nyuma hujificha nyuma ya ukingo wa kichwa. Tatu, taa ya simu hugonga manyoya na kutoa vimulimuli vyeupe vinavyofanana na macho, au kuyafunika macho yenyewe. Na nne, kubwa kuliko zote, alianza na kidonda akatafuta buibui wa kukifaa. Tuongeze kwamba spishi inayotajwa sana mtandaoni, Loxosceles reclusa, ni ya Marekani. Afrika ina Loxosceles wake, lakini hofu inayosambaa kwenye simu zetu ni ya yule wa ng'ambo, na husafiri bila ramani.

Kesho yake alirudia kwa utaratibu, na utaratibu huo unafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu vifaa vyake viko karibu kila mji.

Hadubini ya fundi simu, ile ya kutazamia bodi wakati wa kuchomelea, yenye kukuza toka mara 7 hadi mara 45, ni aina ileile wanayotumia wataalamu wa buibui. Kwa macho, mara 20 inatosha. Asiye nayo atumie lenzi ya mkononi ya mara 10: lenzi hushikwa karibu kabisa na jicho la mtazamaji, kisha buibui ndiye anayesogezwa mpaka aonekane wazi. Wanaoanza hufanya kinyume, wakashika lenzi karibu na buibui wenyewe wakiwa mbali, wakaona ukungu tu.

Buibui mkavu hatazamiki vizuri, anang'aa. Chukua kifuniko cha chupa, weka jeli ya kutakasa mikono kina cha milimita 5 hivi, iache dakika 10 mapovu yapande, kisha mkalishe buibui kwa kibano uso ukielekea juu. Jeli itamshika katika pembe yoyote unayotaka. Juu yake mimina spiriti polepole mpaka azame. Ndani ya spiriti mng'ao hupotea na macho huonekana kama shanga nyeusi zenye ukingo safi. Usitumie maji badala ya spiriti, maana manyoya ya buibui hukataa maji na hewa hunasa kati yake kama karatasi ya fedha. Mwanga utoke pembeni, tochi ikiwa imefunikwa kwa karatasi nyeupe ya shashi.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka: chora. Chora nukta za macho kwenye daftari, kwa kutazama toka mbele na tena toka juu, kabla ya kufungua kitabu au picha yoyote. Ukishaona mchoro wa mtu mwingine, jicho lako litaona kile ulichokwisha kukitarajia.

Mchoro wa fundi ulitoka hivi: mbele, safu moja ya macho 6, yale ya pembeni kabisa yakiwa madogo kuliko wenzake; nyuma ya safu hiyo, macho 2 makubwa, moja kila kona, yakitazama kando na nyuma. Jumla 8. Mpangilio huo wa sita mbele na mawili nyuma ni wa familia ya Selenopidae. Na ukiongeza mwili bapa na miguu iliyolala ubavuni ili buibui aweze kukimbia kama kaa upande wowote, jibu linakaa.

Kwa nini aliishia kwenye familia

Programu ya simu inayopendekeza majina kwa kulinganisha picha ilikuwa imetoa Heteropoda venatoria, buibui mkubwa wa nyumbani aliyeenea maeneo ya joto duniani kote. Si pendekezo la kijinga. Naye ni mpana, ana miguu ya kaa, anakaa kuta za nyumba na kuwinda usiku. Ila programu hizi hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kupakiwa, na buibui wa Tanzania bara hawana picha nyingi. Kwa hiyo hukimbilia spishi inayopigwa picha kila siku mahali pengine. Heteropoda ni wa familia ya Sparassidae: macho yake yamepangwa safu mbili za manne manne, na chini ya macho ya mbele ana mstari mpauko kama sharubu. Sparassidae pia wana utando laini wenye ndimi tatu karibu na mwisho wa mguu, kwenye kiungo kinachoruhusu ncha ya mguu kukunjuka. Kwenye mguu mmoja uliokatika utando huo ulitafutwa kwa mara 40, haukuwepo.

Basi ni Selenopidae. Jenasi je? Afrika ina zaidi ya moja katika familia hii, wakiwamo Selenops na Anyphops, na kwa mabaki yenye miguu iliyokatika na tumbo lililopondeka hakuna cha kuegemea. Fundi aliandika "Selenopidae" akaishia hapo. Kuna watu hulidharau jibu kama hili, wakidhani kutotaja spishi ni kushindwa. Orodha ya buibui wa dunia inayotunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000 mwaka 2022. Kumweka buibui kwenye familia yake kwa uhakika katika umati huo ni kazi iliyokamilika, na mtaalamu atakayeipokea kesho ataanzia pazuri. Jina la spishi lililobahatishwa humrudisha nyuma, kwa sababu lazima kwanza alibomoe.

Ushahidi wa nyongeza ulikuwa nyuma ya kalenda, mita moja toka kitanda. Kalenda ilipoinuliwa kulikuwa na duara jeupe, bapa, laini kama karatasi ya shashi iliyogandishwa ukutani, na juu yake amelala buibui mwingine wa aina ileile, hatikisiki. Hicho ndicho kifuko cha mayai. Selenopidae hawasuki tandabui la kunasia mawindo, hukimbiza. Uzi wao mwingi huishia kwenye duara hilo. Porini hukaa chini ya magome yaliyobanduka, na ndiyo sababu ya ubapa wao. Warina asali wa Sikonge na Urambo, wanaobandua magome ya miti ya miombo kutengenezea mizinga, hawashangazwi na kiumbe bapa anayechomoka chini ya gome kwa kasi. Nyumba yenye dari ya mbao, fremu za picha na kalenda ni gome jingine tu kwake.

Mchirizi

Swali la pili halikuhitaji buibui hata kidogo. Buibui hawamkojolei mtu. Taka zao hutoka kama matone mazito yenye guanini (kemikali ya taka yao), meupe au ya kijivu, ambayo hayaunguzi ngozi. Kuuma wanaweza, lakini jeraha la kuumwa huwa mahali pamoja. Halichori mstari wa sentimita 8 shingoni. Na Selenopidae hawamo kabisa katika wale wa kuchungwa, kama buibui waitwao wajane, wa jenasi Latrodectus, ambao sumu yao hushika neva na misuli.

Mstari unaochora ngozi, wenye malengelenge, unaowaka kama moto, mwanzoni mwa mvua, una mshukiwa wake wa kwanza: mbawakawa wa jenasi Paederus. Kenya wamezoea kumwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi. Ni mdudu mwembamba wa milimita 7 hadi 10, anayefanana na sisimizi mrefu. Kichwa ni cheusi, kifua rangi ya chungwa, kisha vifuniko vya mbawa vifupi vya buluu iliyokoza, vinavyoliacha tumbo wazi. Tumbo nalo ni la rangi ya chungwa na ncha nyeusi. Hupenda udongo wenye unyevu, kando ya mabwawa na kwenye majaruba ya mpunga, na usiku huvutwa na taa. Haumi wala hachomi. Damu yake ina pederini, sumu inayotengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Anayempondea shingoni kwa kiganja, akiwa usingizini au akifuta jasho, huipaka sumu hiyo mwenyewe, na mkono ulipopita ndipo mstari utakapotokea.

Hautokei papo hapo. Mara nyingi huchukua saa 12 hadi 48. Hapa ndipo hukumu ya bibi inapoporomoka: aliyekuwa ukutani siku ile hakuwa na uhusiano wowote na kilichotokea jioni iliyotangulia, pengine hata kabla yake. Buibui alihukumiwa kwa kuonekana.

Fundi aliuliza maswali matatu. Taa ya chumbani huzimwa saa ngapi? Haizimwi, mtoto anaogopa giza. Dirisha lina wavu? Lina, umechanika kona. Mto uko wapi? Chini ya dirisha, karibu na taa. Kisha akaomba ruhusa kukagua. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na mbawakawa watatu waliokauka. Wa nne alikuwa kwenye mshono wa foronya, amebonyea. Chini ya hadubini walikuwa na miguu 6, vipapasio viwili virefu, na rangi zilezile za chungwa na buluu. Tena kwenye kiwiko cha mtoto, ambapo hakuna aliyekuwa ametazama, kulikuwa na alama mbili ndogo zinazotazamana, moja kila upande wa mkunjo. Sumu ikikaa upande mmoja wa mkunjo, mkono ukikunjwa hujichapa upande wa pili. Buibui haumi kwa kujinakili namna hiyo.

Lipo pia jambo la kwa nini buibui hukutwa kila mara penye kisa. Taa huita wadudu. Wadudu humwita buibui. Mbawakawa na mwindaji wa ukutani walifika chumbani kwa sababu ya taa ileile, mmoja akafanya madhara, mwingine akaonekana. Anayeua buibui na kuacha taa ikiwaka juu ya mto amemwondoa asiyehusika.

Ushauri wa fundi ulikuwa mfupi na ulibaki ndani ya mipaka yake. Dawa ya meno ioshwe, inakausha malengelenge na kumzuia muuguzi kuona ngozi. Mdudu wa aina hii akitua mwilini apulizwe au atolewe kwa karatasi, asipigwe. Akipondwa kwa bahati mbaya, pale paoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na mikono pia, maana mkono huo ukigusa jicho tatizo ni kubwa zaidi. Shuka na foronya zifuliwe. Kitanda kisogezwe mbali na taa, wavu uzibwe. Akasisitiza mtoto apelekwe zahanati hata hivyo, na si kwa kujihami: malengelenge ya upande mmoja wa mwili yanaweza pia kuwa mkanda wa jeshi, ambao nao mitaani huitwa mkojo wa buibui, na kuutenganisha ni kazi ya mganga anayeona ngozi. Zahanati ilithibitisha ni muunguzo wa mdudu. Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imepona, imeacha alama nyeusi inayofifia.

Mabaki yaliwekwa kwenye kichupa cha dawa ya sindano kilichooshwa, ndani ya spiriti ya asilimia 70. Spiriti ya fundi ilikuwa ya asilimia 96, ambayo hukausha viungo vikakatika vikiguswa, hivyo ilichanganywa mililita 73 kwa mililita 27 za maji. Lebo iliandikwa kwa penseli na kutumbukizwa ndani, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti na lebo ya nje hubanduka: Tanzania, Tabora, Isevya, ukutani ndani ya chumba, tarehe, jina la aliyekusanya, Selenopidae, si dume mzima, tumbo limepondeka.

Yule wa nyuma ya kalenda angeweza kumaliza kazi, maana ni jike mzima na bamba lake lipo. Kwa hilo ingebidi atolewe kwenye mayai. "Mwache kwanza, mama," fundi alisema, "watoto wakishatoka nitamweka ndani ya glasi nimpige picha ya tumbo, kisha nimwachie kwenye mwembe." Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba kalenda irudishwe mahali pake ili bibi asimwone.